Yule Kuhani Mnamfanya Nini?

Siku niliyopata nafasi ya kwenda chuo kusoma sheria, bibi yangu wa Lushoto hakupiga vigelegele. Alinyanyuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na Biblia yake, ile ambayo jalada lake lilishonwa kwa uzi wa magunia baada ya kuachia. Akafungua Injili ya Luka, sura ya 10, akaweka kidole kwenye mstari wa 25, akaniambia nisome kwa sauti. "Na tazama, mwana-sheria mmoja alisimama amjaribu..." Akanikatiza hapo hapo.

"Umesikia, mjukuu wangu? Mwana-sheria. Ndio hao unaokwenda kuwa."

Watu wa enzi zile waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa mabingwa wa Torati, si kwa sababu walivaa joho jeusi na kusimama mbele ya jaji. Lakini waliotuletea Biblia kwa Kiswahili walichagua neno ambalo leo limeandikwa kwenye vibao vya ofisi kila mji, na mimi nimelibeba tangu siku ile kama jina nililopewa na bibi. Yule mwana-sheria wa Luka aliuliza maswali mawili. La kwanza lilihusu uzima wa milele. La pili ndilo lililobaki na mimi: "Na jirani yangu ni nani?" Yesu alimjibu kwa habari ya Msamaria aliyemhudumia majeruhi njiani, baada ya kuhani na Mlawi kumpita.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nimekaa chini ya taa ya bwenini na nakala kivuli ya hukumu ya kesi, imefifia kiasi kwamba herufi nyingine ilibidi nizikisie. Somo lilikuwa la madai ya uzembe. Nikafika katikati ya hukumu, nikakuta swali lile lile: jirani yangu ni nani? Hakuna aliyekuwa ametuambia darasani kwamba tungekutana na Luka humo. Nilirudia mstari ule mara tatu, na kila nikirudia namsikia bibi.

Kesi yenyewe ni ya mwanamke maskini wa Glasgow, Scotland, aliyeitwa May Donoghue. Jumapili jioni, tarehe 26 Agosti 1928, alikwenda mji jirani wa Paisley, akaingia na rafiki yake kwenye mkahawa wa Wellmeadow. Rafiki ndiye aliyeagiza na ndiye aliyelipa. Wakaletewa aiskrimu na chupa ya soda ya tangawizi. Mwenye mkahawa alimimina soda kidogo juu ya aiskrimu, May akanywa. Kisha rafiki yake akammiminia iliyobaki, na kutoka kwenye chupa kikaelea kitu walichosema ni konokono aliyeoza. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi cha kahawia, haipitishi mwanga. Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu mapema.

Hapo ninakaa kidogo kila ninapoisimulia kesi hii, kwa sababu ya chupa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya soda tunajua mwendo wa mkono: unapokea chupa, unaiinua juu, jua lipite, unaizungusha, ndipo unasema "fungua". Mama yangu hakuwahi kuruhusu soda ifunguliwe kabla ya kuiinua. May Donoghue asingeweza kufanya hivyo hata angetaka. Aliyeijaza na kuifunga aliyafanya hayo kiwandani, akiwa peke yake na chupa yake, na mnywaji hakuwa na njia nyingine ila kumwamini mtu asiyemjua.

May aliumwa tumbo, akatibiwa hospitali. Sasa amdai nani? Mkataba wa mauziano ulikuwa kati ya rafiki na mwenye mkahawa, yeye hakununua kitu. Mwenye mkahawa naye alipokea chupa imefungwa akaiuza imefungwa. Aliyebaki ni mtengenezaji, David Stevenson wa Paisley, ambaye hakuwa na mkataba wowote na May. Na sheria ya wakati ule, ukiondoa mambo machache kama vitu vya hatari kwa asili yake, ilisema kwamba pasipo mkataba mtengenezaji hana anachowiwa na mnywaji wa mwisho. Mwaka 1929 mahakama ya Scotland ilikuwa imetoka kutupa madai ya watu waliosema wamekuta panya kwenye soda ya tangawizi. Wakili wa kesi ile, Walter Leechman, alishindwa, na wiki chache baadaye akafungua kesi ya May kwa hoja zile zile. Nampenda sana wakili huyu. Kuna wakati mteja wa pili ndiye anayekupa nafasi ya kusema ulichojua ni kweli kwa mteja wa kwanza.

Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, London, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Ili asitakiwe kuweka dhamana ya gharama, May ilibidi athibitishe ufukara wake. Aliapa kwamba katika dunia nzima hana mali inayofikia paundi tano. Na hati ya kuthibitisha hilo ilitiwa saini na mchungaji na wazee wawili wa kanisa lake. Mtu yeyote aliyewahi kutumwa kwa mwenyekiti wa mtaa kuleta barua ya utambulisho anaelewa fedheha iliyomo humo, ya kusimama mbele ya wanaokufahamu na kuwaomba waandike kwamba huna kitu. Kanisa lilikuwa ndani ya kesi hii kabla jaji yeyote hajafungua kinywa.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 1932, majaji watatu dhidi ya wawili. Aliyeandika maneno tunayoyakariri ni Lord Atkin, mzaliwa wa Brisbane, Australia, aliyelelewa Wales, mtu wa kanisa la Anglikana. Alisema, kwa tafsiri yangu, kwamba ile amri ya kumpenda jirani yako, ikiingia kwenye sheria inakuwa: usimdhuru jirani yako. Na swali la mwana-sheria, jirani yangu ni nani, linapata jibu lililobanwa. Jirani zangu kisheria ni wale ambao tendo langu linawagusa kwa karibu na moja kwa moja kiasi kwamba ninapaswa kuwa nao akilini ninapolitenda.

Lord Buckmaster alikuwa upande wa pili, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Aliuliza: kama ni hatua moja, kwa nini zisiwe hamsini? Ukimruhusu May amdai Stevenson, utasimamia wapi? Aliona mlango ambao ukishafunguliwa haufungiki.

Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa. Malodi waliamua swali la sheria kwa kuchukulia kwamba madai ni kweli, kesi ikarudi Scotland ili ushahidi usikilizwe, Stevenson akafariki kabla ya hapo, na mambo yakaishia kwenye malipo ya nje ya mahakama. May alifariki mwaka 1958. Nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga, yangu ikiwemo, zinapima wajibu wa daktari, wa fundi, wa dereva wa basi na wa mwenye kiwanda kwa swali lililotokana na kinywaji alichonunuliwa.

Kwetu swali hilo lilifika kwa mzunguko. Tanganyika ilipokea sheria ya Waingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji na ambayo mawakili wanaiita komoni loo, pamoja na kanuni za usawa, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Ukihesabu vizuri utaona hukumu ya May ni ya baadaye kuliko zote mbili, kwa hiyo haikuja kama sehemu ya mzigo uliopokelewa siku ile. Ilikuja kwa nguvu ya ushawishi, majaji wakaisoma, wakaikubali, wakaifanya yao. Nadhani ilikubalika kirahisi kwa sababu neno jirani lilikuwa limetangulia. Huku pwani na bara jirani ni mtu wa chumvi na moto, mtu wa kuzika na kuzikwa naye. Msikitini anatajwa, kanisani anatajwa. Mithali inasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Na wahenga wakasema kinyume chake, kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Atkin alichagua upande kwenye ubishi ambao sisi tunao nyumbani.

Huwa naulizwa, hasa na vijana wanaoanza uwakili, kama hili la Luka si pambo tu, jaji aliyelelewa kanisani akanukuu alichokizoea. Mwaka 1917 Malodi hao hao walikataa kwamba Ukristo ni sehemu ya sheria ya Uingereza, jambo ambalo majaji wa karne ya 17 walilitamka wazi. Sipingi. Hakuna mahakama inayomhukumu mtu kwa kutoamini, na isiwepo. Lakini chimba chini kidogo tu ya vitu tunavyovitumia kila siku.

Chukua kesi ya mauaji. Swali linaloamua ni kama aliua kwa kukusudia. Mtu aliyekufa ni yule yule, panga ni lile lile, ila kilichokuwa moyoni mwa mshtakiwa ndicho kinachotenganisha kitanzi na kifungo. Msemo wa Kilatini ambao kila mwanafunzi anaukariri, kwamba tendo halimfanyi mtu kuwa na hatia isipokuwa nia yake ina hatia, asili yake ni mahubiri ya Agostino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo. Alikuwa anahubiri kuhusu kiapo cha uongo, akasema ulimi hauna hatia mpaka nia iwe na hatia. Waandishi wa sheria wa Uingereza ya karne ya 12 wakalichukua neno hilo. Mwafrika wa kaskazini, akihubiria waumini wake kuhusu ulimi, na leo linaamua nani aende gereza la Ukonga kwa miaka mingapi.

Au chukua kanuni za usawa. Kwa karne nyingi mkuu wa mahakama iliyozizaa, Chansela wa mfalme, alikuwa karibu siku zote kasisi au askofu, na kazi yake ilikuwa kuangalia dhamiri. Kama sheria inakupa haki lakini dhamiri haikuruhusu kuitumia, Chansela alikuzuia. Mwaka 1615, kwenye kesi maarufu ya Earl wa Oxford, chuo kimoja cha Cambridge kilitaka kurudishiwa ardhi ya London kilichokuwa kimeiuza kwa njia yenye kasoro ya kisheria, wakati wanunuzi walishajenga juu yake nyumba nyingi. Kwa herufi ya sheria chuo kilikuwa na hoja. Lord Ellesmere, Chansela wa wakati huo, akajibu kwa Kumbukumbu la Torati, pale panapotajwa mtu ajengaye nyumba asikae ndani yake. Akasema kazi ya Chansela ni kuzirekebisha dhamiri za watu. Nimewahi kuwa na mteja ambaye nyumba yake ilikuwa inavunjwa kwa sababu ya saini moja iliyokosekana, na nilipoisoma hukumu hiyo usiku ule sikuisoma kama historia.

Narudi kwenye neno la Atkin ambalo watu hulipita haraka: jibu lililobanwa. Nami nililipita kwa miaka mingi, mpaka Desemba moja nilipokuwa napanda Lushoto kumsalimu bibi.

Basi lilisimama Mombo, pale wanapouza matunda ya milimani. Bodaboda alikuwa amegongwa muda mfupi kabla hatujafika, na gari lililomgonga halikuwepo tena. Kijana alikuwa amelala kando ya lami, mguu umekaa vibaya, kofia imeviringika mbali. Watu walikuwa wengi. Walisimama kwa duara, na duara lile lilikuwa na nafasi katikati kama uwanja wa ngoma. Simu zilikuwa juu. Kutoka dirishani niliona mama mmoja akitua beseni lake la mapea, akapenya. Mwanamume mmoja akamwambia kwa sauti tuliyoisikia hadi ndani ya basi: "Mama, usimguse, utaingizwa kwenye kesi." Wengine wakaongeza mambo ya PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, kwamba polisi hawajafika, kwamba atakayempeleka hospitali ndiye atakayehojiwa. Mama hakujibu. Alifungua khanga moja kiunoni, akabaki na nyingine, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha yule kijana. Kisha akaketi pale chini na kumshika mkono.

Mimi nilikuwa kiti cha nne kutoka mlangoni. Nilijua, kuliko mtu yeyote kwenye basi lile, kwamba hofu ya yule mwanamume haikuwa na msingi mkubwa. Nilijua pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba hakuna sheria iliyonitaka nishuke. Dereva aliyegonga, huyo sheria inamtaka asimame. Abiria anayetazama dirishani haimtaki chochote. Nilikuwa bado nalipima jambo hilo basi lilipoondoka.

Jioni nilimsimulia bibi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunihukumu, ila mikono yake ilisimama.

"Mjukuu wangu, mlisema huko kwenye sheria zenu mna ile habari ya Msamaria."

"Ndiyo, bibi. Tunayo."

"Na yule kuhani aliyepita upande wa pili? Na Mlawi? Hao mnawafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Hatuwafanyi kitu, bibi.

Akaangalia maharage yake muda mrefu. "Basi mna swali," akasema, "habari yenyewe hamna."

Sijasikia mwanazuoni aliyelisema vizuri zaidi, ingawa jaji mmoja alilisema. Mwaka 1970 Lord Diplock, kwenye kesi ya vijana waliotoroka uangalizi kisiwani Brownsea na kuharibu mashua ya watu, aliandika kwamba kuhani na Mlawi wa kwenye mfano ule, waliompita majeruhi, wasingedaiwa chochote kwa sheria ya Uingereza. Aliandika kama jambo la kawaida, kuonyesha mipaka ya maneno ya Atkin. Mtengenezaji wa soda ana wajibu kwa mtu asiyemjua aliye mji mwingine. Anayepita hatua mbili kutoka kwa mtu anayevuja damu hana, isipokuwa kama ni mzazi wake, au daktari wake, au ndiye aliyemjeruhi. Yesu alisimulia habari ya watu wasiofanya kitu, na sheria iliyoazima habari hiyo iliwaachia wale wale.

Najua sababu zake, nimezifundisha. Amri ya kutodhuru ina mwisho, amri ya kuokoa haina. Kati ya watu mia waliosimama kwenye duara umshtaki yupi? Na upendo unaolazimishwa kwa faini ni upendo wa aina gani? Ni hoja nzito. Lakini Wafaransa wanaadhibu kumwacha mtu hatarini wakati ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha, Wajerumani vile vile, na majirani zetu wa Rwanda, waliorithi mapokeo mengine kupitia Wabelgiji, wanalo kosa hilo kwenye sheria yao ya jinai. Sioni kwamba wametumbukia kwenye hatua hamsini za Buckmaster. Sisi tuliorithi kwa Mwingereza tumerithi na kubanwa kwake, na bunge letu halizuiwi na mtu kulilegeza. Ningeanza hata na kidogo zaidi: kifungu kimoja kinachosema wazi kwamba anayemsaidia majeruhi kwa nia njema hatashikiliwa wala kusumbuliwa, kibandikwe kila kituo cha basi kwa Kiswahili cha kawaida. Kwa maana watu wa Mombo hawakukosa huruma. Niliziona nyuso zao. Walichoogopa ni sisi, watu wa mafaili, na kesi yetu isiyoisha.

Siku mbili baadaye nikashuka kurudi Dar. Basi liliposimama Mombo nilitoka, nikatafuta mpaka nikamwona yule mama, beseni lile lile. Nikamwamkia, nikaomba mapea ya elfu tano. Nikamuuliza habari za kijana wa bodaboda.

"Yupo. Mguu umevunjika, lakini yupo. Tulipata gari ya mzee mmoja wa mkaa."

"Walikusumbua?"

"Waliniuliza jina, nikawaambia."

Sikujua niseme nini, nikauliza kuhusu khanga.

"Ilienda naye," akasema, akaendelea kuchagua yaliyoiva.